Orodha Iliyojua Majina Tu

Dada Kadzo,

Leo programu yetu imeweza kutafuta kinyume. Nimeandika "O hasi", majina saba yakatoka, nikalia pale pale ukumbini, wanafunzi wa kompyuta wakinitazama.

Ni wewe uliyenifundisha kamusi ya programu ni kitu gani, katika ukumbi huu wa Tezo, nikitoka kufua mashuka ya hoteli kule Bofa, mikono ingali inanuka sabuni. "Ufunguo ni jina la mtu," ulisema, "thamani ni kundi lake la damu. Ukitaja jina, kundi linatoka." Tukazunguka nyumba kwa nyumba na mhudumu wa afya, tukaandikisha watu zaidi ya mia mbili walio tayari kutoa damu. Bibi mmoja alikataa kutobolewa kidole mpaka ukamwamkia shikamoo mara ya pili, kwa sauti. Ulicheka njia nzima.

Ukaniachia kazi moja. "Rehema, andika na ile ya kurudi. Siku mtu akihitaji damu hatutaanza na jina, tutaanza na kundi." Nikakwambia wiki ijayo. Wiki zikawa nne.

Kisha aliyehitaji akawa wewe. Ulijifungua asubuhi, damu ikakataa kusimama, na hospitali ilikuwa imeishiwa na damu ya kundi lako. Charo, mumeo, alinishika mkono: "Nani ana O hasi?" Simu ninayo, Dada, na jibu limo, lakini ilijua kuulizwa majina tu. Nikaandika moja moja. Karisa, A. Mapenzi, B. Umazi, A. Nakosea herufi, naanza tena. Nilipompata Mwalimu Safari, alikuja mbio kwa bodaboda, vifungo vya shati vimepishana. Muuguzi akatoka, akatuambia umeshatutoka.

Baadaye muuguzi huyo aliniambia huenda hata kama tungewahi, damu isingetosha. Charo hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Jaribio langu la kwanza la kuandika ile ya kurudi lilileta jina moja likakoma, na mwenye jina alikuwa amehamia Kikambala. Ndipo nikaelewa: jina halijirudii, lakini kundi moja lina watu wengi. Lazima upite orodha yote mpaka mwisho, ukusanye kila mwenye kundi hilo. Ilikuwa mistari minne. Mistari minne tu, Dada.

Mtoto ameitwa Dama, jina la mama yake Charo. Ana miezi mitano. Mama yako ndiye anayemlea. Ukimpulizia shingoni anacheka, kisha anakutazama kama anayekungoja urudie.

Lala, Dada yangu. Najua samahani haitoshi. Jumatatu nawapelekea wauguzi programu, na nitaketi nao mpaka kila mmoja aweze kuitumia. Na Dama akifika umri wa kuuliza mamake alifarikije, nitamweleza mimi mwenyewe, na sitamficha kitu.

Rehema