Nani Atachukua Jina la Mwepu

Jumatatu, 8 Machi 1993

Nimevunja mahindi mabichi tangu alfajiri. Mgongo unauma. Nguruwe wa jirani wamerudi kwenye mihogo. Nimewafukuza kwa mawe na kwa matusi ya Kifaransa, ambayo wanayaogopa zaidi.

Nilikuwa nanawa miguu Mama Kabwe alipofika. Ni dada wa marehemu Mwepu. Matanga ya kaka yake yanaondolewa Jumamosi. Mimi ndiye mtani. Niongoze shughuli.

Nimefurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Tangu nistaafu ualimu hakuna anayenisikiliza ila nguruwe hao.

Nieleze, ingawa hakuna wa kumweleza. Tabia ya ubaoni haiishi. Ukoo wangu ni Mvula, yaani mvua. Ukoo wa Mwepu ni Uyoga. Sisi ni watani tangu mababu. Mmoja wao akifa, sisi ndio tunaozika, tunaofagia, tunaopika, na tunaowatukana wafiwa mpaka wacheke. Siku ya kumzika Mwepu nililala ndani ya kaburi lake nikakataa kutoka mpaka nipewe kuku. Nilipewa. Nilikuwa nalia wakati huohuo. Alikuwa rafiki yangu.

Jumamosi lipo jambo moja kubwa: kupyana. Mtu mmoja atapakwa pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso. Atakabidhiwa shoka la marehemu. Tangu hapo jina la Mwepu ni lake, na shamba ni lake. Anayechagua ni dada wa marehemu. Nilimuuliza Mama Kabwe amemchagua nani. Akaomba maji ya kunywa.

Jumatano, 10 Machi

Nimepita shambani kwa Mwepu kupima mahali pa kukaa watu. Shamba zuri. Mihogo, mahindi, maparachichi, mabwawa mawili ya samaki yanayopata maji kutoka mto unaoteremka kwenda ziwa la Nzilo. Mwepu hakuwahi kufanya kazi mgodini, na watu walimcheka. Sasa mgodi umekufa na mishahara imekufa nao. Wale wale waliomcheka wanatembea kwa miguu kutoka Kolwezi kuja kuomba mihogo.

Nimemkuta Kilufya huko, mwana pekee wa Mama Kabwe. Aliendesha malori makubwa ya mgodi uitwao Mashamba. Sasa hana lori. Alikuwa anatembea ukingoni mwa bwawa na miwani yake myeusi, anahesabu kwa kidole. Akaniambia bila hata kunisalimu:

"Tata Mwalimu, hii shamba ni ya muyomba yangu. Bale batoto ni ba mama yabo. Baende na mama yabo kule Kasai."

Nimekasirika. Lakini kwa mila yetu amesema kweli.

Hapa ndipo penye fundo. Kwetu Wasanga mtoto ni wa ukoo wa mama. Anayerithi ni mtoto wa dada. Kwa Wakasai mtoto ni wa baba. Mwepu, Msanga, alimwoa Ntumba, ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Kwa hiyo sisi tunasema watoto wa Mwepu ni wa Kasai. Kasai wanasema ni wa kwetu. Laiti baba angekuwa wa Kasai na mama Msanga, wangegombewa pande zote mbili. Hivi walivyozaliwa, hakuna anayewataka.

Mama Ntumba mwenyewe alizaliwa kambini Kolwezi. Kasai hajaiona hata kwenye picha.

Jioni vijana wamekuja na mapanga. Wanazunguka kila kijiji wakiwatoa Wakasai nyumbani. Wanawaita bilulu, yaani wadudu. Wamemuuliza sefu wa kijiji kuhusu mjane wa Mwepu. Sefu amewajibu wangoje Jumamosi. Atakayechukua jina la Mwepu ndiye atasema nani abaki katika nyumba ile.

Basi ndiyo hivyo. Kilufya akipakwa pemba, Mama Ntumba na wanawe wanne wanapanda gari la moshi la Kasai.

Alhamisi, 11 Machi

Nimeenda Kolwezi kwa baiskeli pamoja na Ngalula, binti mkubwa wa Mwepu. Yeye ndiye aliyelima na baba yake miaka yote. Ana mikono ya mwanamume. Nilimfundisha darasa la nne. Hakuwahi kuniinulia sauti, na hata leo ananijibu huku anaangalia chini.

Tulimtafuta kaka wa mama yake pale stesheni. Wakasai waliofukuzwa wamejenga kwa magunia na mashuka kando ya reli. Wamekuja na vitanda, cherehani, hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Watoto wanakohoa. Gari halijulikani litakuja lini. Mafundi wa umeme, makarani, walimu wenzangu. Mmoja alinisalimu kwa jina nikashindwa kumtambua, amekonda hivyo.

Yule mjomba alitupokea vizuri. Nikamuuliza waziwazi kama atawachukua.

"Bale batoto ni ba baba yabo, Mwalimu. Kwetu ni vile. Na mi nitabapeleka wapi? Mi mwenyewe sijue kule tunaenda."

Kisha akamuuliza Ngalula kama samaki bado wako bwawani.

Tumerudi jioni. Karibu na nyumbani Ngalula aliniuliza mtu asiye na ukoo anazikwa na nani. Nilikazana na pedali.

Ijumaa, 12 Machi

Wanawake wamepika munkoyo, kinywaji cha mahindi, siku nzima. Harufu tamu mpaka kwangu. Nimetafuta kengele yangu ya shule nikaikosa. Nimekwenda mara mbili kwa Mama Kabwe. Mara mbili ameniambia, "We kazi yako ni kutukana tu." Ni kweli. Mtani hana kura. Kazi yake ni kuchekesha na kuuma.

Nina hofu. Na chini ya hofu, aibu kusema, nina raha. Siwezi kukaa. Nimefagia ua ambao nilishaufagia.

Jumamosi, 13 Machi

Siwezi kulala. Niandike yote kabla hayajapoa.

Watu walijaa mpaka kwenye mihogo. Nilivaa kofia ya marehemu nyuma mbele, nikakalia chungu cha munkoyo, nikasema hakuna Uyoga atakayekunywa bila kulipa.

"Ninyi Uyoga! Bila mimi mngekuwa wapi? Vumbi chini ya majani!"

"Mvula gani we?" Mama Kabwe akanijibu. "Umande tu!"

Vicheko. Hata Mama Ntumba, aliyekaa chini ukutani na nguo zake za matanga, alicheka kidogo. Ilikuwa inakwenda vizuri sana.

Kilufya alikuja na shati jeupe. Akaketi mbele kabisa, karibu na shoka. Nami nilifanya kama mtani anavyopaswa kufanya. Nilichota majivu nikampaka kifuani.

"Huyu ndiye atalima? Atatafuta usukani kwenye jembe! Ataliuliza bwawa breki iko wapi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kilufya akasimama. Akanisukuma kwa mikono miwili. Nikaangukia chungu, chungu kikapasuka, munkoyo wote chini.

"Muzee, mi nitakuweka mu vago ya treni pamoja nabo!"

Watu walirudi nyuma. Hata watoto.

Nieleze. Anayemkasirikia mtani penye matanga amemfukuza marehemu nje. Hapakwi pemba siku hiyo. Atalipa mbuzi, ataomba radhi, atangoja msimu mzima. Kila aliyekulia kijijini anajua jambo hili kabla hajajua kufunga kamba. Lakini Kilufya alikulia kambi ya kampuni, ambako koo zote zimechanganywa safu kwa safu na hakuna mtani wa mtu. Alidhani mzee amemdharau mbele ya watu. Niliiona sura yake alipotambua. Ilikuwa kama ya mtu aliyekanyaga pasipo na ngazi.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Lakini nilipokuwa chini kwenye tope la munkoyo, kiwiko kinatoka damu, nilifurahi.

Kisha nikaogopa. Jina la marehemu halilali nje matanga yakishaondolewa. Na mpwa mwingine hakuna, wala wa kuwajibu wale vijana.

Mama Kabwe alimtazama mwanawe muda mrefu. Ni mwanawe. Sitasahau. Halafu akaketi mkekani, akanyoosha miguu, akamwita Ngalula. Akamwambia aketi mapajani. Mwanamke mzima yule, mrefu kuliko shangazi yake. Akaketi. Mama Kabwe akajimiminia maji kichwani, yakawatiririkia wote wawili.

"Nimemuzaa leo. Sasa ni Uyoga. Mwenye anakatala aseme."

Sefu akakohoa. "Mama, huyu ni mutoto wa Kasai."

"Ni wa nani, muulize mutani. Yeye ndiye anajuaka nani wa kutukana."

Macho yote kwangu! Nikaelewa anachotaka. Mtani hatukani ovyo. Nikimtukana mgeni hivi, ni tusi kweli na nitalipa. Nikimtukana Uyoga, ni salamu. Lakini Uyoga lazima arudishe. Akiinama, akilia, akisema "ndiyo Mwalimu", yamekwisha.

Nilimwendea. Nikasema kwa sauti ya ubaoni:

"We Uyoga wa jalalani! Pua kama jembe la kuazima!"

Aliangalia chini. Nilidhani nimekufa. Maji yanamdondoka kidevuni. Kisha akainua kichwa.

"We Mvula gani? Unangurumaka asubui mpaka mangaribi, hata kopo haijae! Toka mu nyumba yangu, unalowesha bitanda!"

Nyumba yangu, alisema! Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka juu ya paa. Sefu alicheka akashikilia fimbo yake kwa mikono miwili. Mimi nililia na kucheka na kudai kuku. Mama Kabwe akampaka Ngalula pemba. Shoka likaingia katika mkono unaolijua.

Mwepu yupo! Ana sketi ya bluu na umri wa miaka ishirini na mitatu, lakini yupo!

Jumapili, 14 Machi

Kiwiko kimevimba. Vijana wamerudi na mapanga. Sefu aliwajibu kutoka kwenye kiti: "Hapa ni kwa Mwepu. Mwepu amesema mama abaki." Wameondoka polepole, wakitazama mabwawa. Wanaweza kurudi tena. Najua hilo. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua ndogo asubuhi. Mama Ntumba alibeba unga kwenda stesheni kumpa kaka yake. Gari lilikuwa limeondoka jana. Amerudi na unga wake. Akaenda kuuanika upya, maana ulikuwa umelowa.

Nilikuwa hapo, nimekaa na samaki wawili niliopewa. Ngalula alikuwa anapalilia mihogo, na Kilufya akaja kwa njia ya bondeni. Bila miwani. Alisimama mwisho wa matuta.

Anayechukua jina huchukua na undugu wake wote. Mwepu alikuwa mjomba wa Kilufya. Kwa hiyo Mwepu ni mjomba wake bado. Haijalishi ni nani sasa, wala kwamba yeye Kilufya ndiye mkubwa kwa umri.

Ilimchukua muda. Mvua ilikatika akiwa bado amesimama.

"Muyomba," akasema. "Unipatie jembe."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, mtani. Ngalula alimtazama, akaenda nyumbani, akarudi na jembe. Akamwonyesha tuta la kuanzia.