Maji Tuliyotia Kwenye Betri ya Gari la Kale

Al-Mahjar, Jeddah
9 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Truphena,

Kuna jambo nimekuficha miaka kumi na minane: najua kilichoua ile betri iliyomrudisha baba yako nyumbani. Lakini kwanza nikujulie hali. Kifua chako kimepona? Watoto wanaendeleaje na shule? Mimi niko kwa mwanangu Elly, hapa Jeddah. Figo zimekataa kazi, na daktari hataji tena habari za kupona. Siogopi. Kusema kweli, sihisi chochote.

Unakumbuka mimi na baba yako Laban tulikuwa Riyadh, tukitunza magari ya kale ya bosi. Lile la umeme lilikuwa na zaidi ya miaka tisini. Betri yake iliundwa upya kwa mtindo wa zamani, vibao vya madini ya risasi ndani ya vyombo vya kioo. Maji yakipungua tuliongeza yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi, maana hayana chumvi, na chumvi huua betri. Tuliyakinga kwa madumu meupe.

Wiki tatu baada ya kuongezwa maji, betri ikafa. Bosi aliamini imechajiwa kupita kiasi, na kuchaji ilikuwa kazi ya baba yako. Lakini ingekuwa hivyo vibao vingepinda, navyo vilikuwa vimenyooka. Nilichukua tone lililobaki dumuni, nikalikausha juu ya kioo. Maji ya kiyoyozi hayaachi alama. Tone hili liliacha duara jeupe la chumvi.

Yalikuwa maji ya Zamzam, ya kisima cha Makka, yenye chumvichumvi. Rafiki wa mtaa wa Sharafiya aliyetoka Umra alinipa dumu nilipopita Jeddah, nami nikaliweka karakanani pamoja na mengine.

Bosi alituita. "Yalla, Dalmas, wewe mkubwa. Nani kaiua betri?"

Nikasema chaja haikuzimwa.

Laban hakupandisha sauti. "Kaka, niliichomoa kabla ya chai. Ulikuwepo."

Wiki ile ile ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, ilifutwa, akarudishwa nyumbani. Hata alipofariki tulimzika akiitwa mzembe, hata nanyi wanawe mkaamini.

Nisalimie mama yako Jael, na ndugu yako Victor. Mungu awatunze, awape usingizi mwema kuliko wangu. Wasomee barua hii yote, usiruke mahali.

Limebaki moja. Tone lile nililikausha asubuhi, kabla bosi hajatuita. Nilisimama mbele yake nikijua, na maji yale niliyamimina mimi.

Baba yako mkubwa akupendaye,
Dalmas