Stima ya Nyumba Elfu Nne

Ziwani, Nairobi
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Ndugu yangu Luseno,

Nakusalimu wewe na Winny na watoto. Salamu za Mama mpelekee kabla hujaendelea kusoma, maana ukishaendelea huenda usitake tena kuzipeleka. Natumaini kile kifua kilichokusumbua tangu mvua za Agosti kimetulia, na kwamba dawa unazimeza, si kuziweka kabatini kama mali ya urithi. Mimi mwili ni mzima. Miguu inavimba kidogo jioni kwa kusimama sokoni Gikomba kutwa, lakini hilo si la kuandikia barua.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Simu ninayo, na mara tatu nimekupigia nikaishia kukuuliza bei ya mahindi. Mambo haya nikiyasema kwa mdomo nayapindua. Kwenye karatasi angalau sikusikii ukinyamaza, kwa hiyo nitafika mwisho. Bahasha nampa kondakta wa basi la kesho asubuhi ili ikufikie mapema. Winny ameniambia kwamba Jumamosi kamati ya ule mtambo wa maji uliokuwa ukiuendesha inakuita kanisani ujibu kwa nini uliuza stima ya wananchi. Ameniambia pia kwamba kampuni yenye mtambo iko tayari kuja kuutengeneza ikiwa kamati itakubali zile mashine za Bitcoin zirudi, na kwamba wewe umesema huendi, waamue wapendavyo. Nakuomba uende. Lakini soma kwanza yote.

Nianze na habari za huku. Chama chetu cha watu wa nyumbani bado kinakutana kila Jumapili ya pili ya mwezi. Mwenyekiti bado ni Mzee Caleb, yule aliyestaafu reli, na mimi hadi leo asubuhi nilikuwa karani, eti kwa sababu nina mwandiko mzuri. Unakijua chama hiki. Tulikianzisha ili mtu akifia Nairobi maiti yake ifike nyumbani bila aibu, lakini siku hizi tunajua mambo ya kijijini kuliko ninyi mnaoishi huko. Mtu hajakanyaga nyumbani tangu mazishi ya mwaka wa 2019, na atakuapia kwa vidole kiasi gani mto umepungua. Na tukiandika barua, inasomwa kanisani huko kama waraka wa mtume.

Mwezi wa Machi transfoma yetu hapa ilipasuka tukakaa gizani siku kumi na moja. Nyama ziliozea kwenye friji, vinyozi wakafunga, mimi nikawa napiga pasi nguo zangu za mtumba kwa makaa kama marehemu bibi. Siku ya tisa chama kikakutana, watu wana hasira ya haki na hakuna wa kumkasirikia. Ndipo mmoja akatoa simu akaonyesha video ya jumba moja kubwa la ng'ambo, limejaa mashine na feni, na sauti ikisema kuchimba Bitcoin kunakula stima kuliko taifa zima. Mwingine akakumbuka kwamba hata nyumbani kuna kontena la mashine hizo hizo kando ya maporomoko. Mzee Caleb akauliza kama wanachimba, udongo wanaumwaga wapi. Hakuna aliyecheka, na mimi sikucheka. Saa moja haikuisha giza la Ziwani likawa limepata mwenyewe: ni kontena la kule kwetu.

Luseno, waya wa mtambo wenu unaishia sokoni. Hauvuki hata barabara ya lami. Haujawahi kukutana na waya wa Nairobi na hautakutana nao. Waliokuwa wameketi pale ni watu wazima, wengine wamefanya kazi baraza la jiji miaka thelathini, wengine ofisini, na wakaamini kwamba balbu zao zinanyonywa kutoka kilima kilicho safari ya kutwa nzima. Ikaandikwa barua kwamba mashine zile zinakula stima ya nyumba elfu nne na kwamba mto utakauka kabla ya Krismasi. Ikapigwa muhuri wa chama, ikasomwa nyumbani Jumapili iliyofuata.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, maana mawe yalikupita wewe kichwani. Vijana walikata waya wa kontena. Kampuni ikaleta lori ikabeba mashine zake, na watu wakapiga vigelegele barabarani. Mwezi wa Mei bei ya stima ikapanda kwa kila mita, na wale wale waliopiga vigelegele wakasema umeona, walikuwa wezi tangu mwanzo. Julai beringi ya mtambo ikafa na hakukuwa na pesa ya kununua nyingine. Tangu hapo giza ni lenu pia. Nesi wa zahanati anabeba chanjo kwa pikipiki ndani ya kikasha cha barafu. Mayai sitini ya Mama yaliharibika kwenye mashine ya kuangulia zikiwa zimebaki siku nne vifaranga watoke. Na binti yako anaitwa shuleni mtoto wa mwizi wa stima.

Sasa nataka niandike yale uliyonieleza mwaka jana, ili ujue kwamba niliyasikia. Ulinifundisha kwa subira kubwa, na mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya sielewi.

Ulisema mto hautambui saa ya kupika ugali. Maji yanashuka mchana kutwa na usiku kucha, lakini watu wanataka stima jioni tu, saa chache. Saa nyingine zote mlikuwa mkiyaacha maji yapite kando bure, kwa sababu stima ya mtambo mdogo kama ule haina debe la kuiwekea, na betri za kuitunza yote kampuni haikuwa na uwezo nazo. Zile mashine zilikuja kununua hiyo iliyokuwa ikimwagika. Jioni watu wakianza kuwasha taa, wewe unazima mashine moja baada ya nyingine mpaka nyumba zote zitosheke. Niambie ni mteja gani mwingine anayekubali kufungiwa mlango kila jioni asilalamike. Kiwanda hakikubali, na hata kinu cha kusaga hakikubali.

Mimi mwenyewe ningepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Gikomba tunafungua belo asubuhi, zile nguo safi tunaita kamera, zinaondoka na wateja wenye haraka. Jioni inabaki fagia, rundo la mwisho, na ana heri anayekuja kulizoa, kwa sababu pesa yake ndiyo inayotuwezesha kufungua belo lingine kesho bila kupandisha bei. Hakuna anayemwita mzoaji wa fagia mwizi wa nguo za watu. Kontena lile lilikuwa linazoa fagia ya mto. Pesa yake ndiyo iliyoshusha bei yenu, na ndiyo ingenunua beringi.

Na maji? Yanapita kwenye mtambo yanarudi mtoni yale yale. Mto ukikauka utakuwa umekaushwa na sisi tuliokata miti juu ya chemchemi. Na zile nyumba elfu nne! Mtambo mzima, hata ukiufungua wote, hauwezi kuwasha nyumba mia nne. Kontena lingeitoa wapi stima ya elfu nne ili liile? Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na ukumbi mzima haukuifanya. Sisemi ni hivi kila mahali. Ziko nchi wanachoma makaa ya mawe kuendesha mashine hizo, na anayewapinga huko ana lake la kusema. Mimi Bitcoin yenyewe sina hata punje na sijui kama nitakuja kuwa nayo. Lakini mtu aulizwe stima yake imetoka wapi, na nani alikuwa anaihitaji saa hiyo, kabla ya kupigwa mawe.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa. Wewe umekuwa ukiamini kwamba barua ile ilitungwa na Mzee Caleb. Watu wote wanaamini hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyetia sahihi. Luseno, ile barua niliiandika mimi. Sikuagizwa. Wazee walikuwa wanalalamika tu kama kawaida yao, na wangelalamika mpaka chai iishe waende nyumbani. Mimi ndiye niliyesimama nikasema tuandike. Neno kwa neno ni langu, na zile nyumba elfu nne nilizitunga hapo hapo kalamu ikiwa mkononi. Kwanza niliandika elfu moja. Nikaona ni ndogo, nikaikata.

Nilijua ni uongo wakati naiandika. Usije ukanitetea kwa Mama kwamba sikuelewa.

Wiki ile ya giza Mama alinipigia. Alikuwa na furaha, vifaranga wa kwanza walikuwa wametoka, akaniambia, "Luseno ametuwashia boma lote, mwanangu. Ninyi huko Nairobi mnatumia mshumaa?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilikuwa nimekaa na mshumaa kweli. Miaka ishirini na mbili nimepeleka nyumbani mabati, karo, dawa, na karo yako ya ufundi ikiwemo, na sijawahi kusikia kwamba niliwasha chochote. Wewe ulifungua geti la maji tu ukawa mwana wa boma. Nilikuonea wivu, ndugu yangu. Niliona haya kukuonea wivu, na haya ikawa hasira, na hasira ikapata karatasi yenye muhuri. Sikufikiria mawe. Nilitaka tu wakuulize maswali kidogo, na wewe uaibike kidogo.

Leo asubuhi nilisimama chamani nikasema yote haya mbele ya watu. Tangu Winny aniambie ya Jumamosi sijala vizuri, nikaona bora nianze kwa wale niliowadanganya. Nilidhani watanipigia kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hawakupiga. Walinitazama kwa huruma. Mzee Caleb alisema labda nimechoka. Kisha Owen, yule kijana wa kutoka mtaa wa Fedha anayetuwekea vyombo vya sauti, akafungua simu akaniletea nisome. Ni ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wasap, umeandikwa kwamba utafiti wa wataalamu umethibitisha kuwa kontena moja la Bitcoin hula stima ya nyumba elfu nne.

Nikamwambia hakuna mtaalamu, ni mimi, niliandika hapa, kwenye meza hii. Akaniambia kwa upole kabisa, "Auntie, wewe ni karani tu. Hawa ni wasee wa research. Si useme tu ukweli, hao watu wa kampuni wamekutumia ngapi?"

Ukumbi ulicheka. Wakapiga kura nikaondolewa ukarani, na kwenye kumbukumbu wakaandika kwamba nimenunuliwa. Uongo wangu waliuamini kabla wino haujakauka, na ukweli wangu wameukataa nikiwa nimesimama mbele yao nalia. Sikuzoea kulia mbele za watu. Nimelia ovyo na haikusaidia kitu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeandika kwa ufupi kwamba barua ya Machi ilikuwa yangu, kwamba hesabu ile sikuitoa popote, na kwamba wewe ulikuwa umenieleza ukweli kabla sijaiandika. Nimetia sahihi na namba ya kitambulisho. Nenda nayo kanisani Jumamosi uisome kwa sauti, Mama akiwepo. Usiniwekee heshima. Wakisema na wewe umenunuliwa, mpe mchungaji aisome, maana mwandiko wangu anaujua. Wasipoamini hata hivyo, basi angalau wewe na Winny mtakuwa mmejua aliyewafanyia haya ni nani, hamtakuwa tena mnamchukia Mzee Caleb bure. Mama sijamwambia. Nilitaka ulisikie wewe kwanza, kisha nitakuja Desemba nimwambie uso kwa uso, kama bado kutakuwa na mlango wa mimi kuingilia.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Umepoteza kazi na jina, na mimi nimepoteza ukarani, hatujalingana.

Wasalimie wote wanaouliza hali yangu, ikiwa bado wapo baada ya Jumamosi. Mwambie binti yako shangazi anamletea sweta ya shule, na kwamba baba yake hakuiba chochote. Mungu awalinde. Barua zangu zote nimekuwa nikizimaliza kwa kujiita dada yako mpendwa. Hii sijui niimalizeje, kwa hiyo naandika lile nililo na hakika nalo.

Ni mimi niliyeandika ile barua,

Kezia Mideva