Indiketa Iliyojizima Yenyewe

Nasiri, mbona hupokei simu? Basi soma.

Nusura nimuue mama. Sasa hivi! Naandika haraka, nikikosea herufi nivumilie.

Kile kifaa cha kuzima indiketa, nilichofunga kwenye pikipiki Jumapili nikakutambia? Nilikipanga kiizime baada ya sekunde kumi. Mimi mwenyewe, wala hakuna fundi wa kumlaumu.

Tumetoka Hombolo, mama kakaa nyuma yangu na tenga la zabibu, tunapanda kilima taratibu. Nikawasha indiketa ya kulia mapema, niingie njia ya kwa shangazi. Hatujafika kwenye kona, sekunde kumi zimeisha, ikazima. Mimi sina habari, nakata kona. Kumbe lori la nyuma limeona sina ishara, linatupita kulia!

Ile honi, Nasiri. Ile honi! Nikarudi kushoto, tukaangukia majanini. Tairi la lori limepita kando ya goti la mama. Upana wa kidole tu!

Dereva kashuka anafoka: "Unazima indiketa halafu unakata kona?" Nikasema sijazima. "Umezima!" Sijazima, aisee. Naangalia, kweli imezima.

Na unamjua mama, nikisahau kuwasha au kuzima indiketa lazima anigonge bega. Leo asubuhi nikamwambia, tena kwa maringo: "Mama, usinigonge tena, indiketa inajizima yenyewe."

Sasa amekaa chini anaokota zabibu moja moja, hanitazami. Nimemuuliza kama ameumia.

Akasema, "Niliona ile taa ya kijani ya indiketa imezima, Luka. Nikainua mkono nikugonge. Nikakumbuka umenikataza."