Maneno Mawili Niliyomtafsiria Baba

Likasi, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Ninakusalimu wewe na wote wa nyumbani Kabalo. Mgongo wako unaendeleaje? Na mdogo wangu Clémence, amekwisha kujifungua? Mimi mwilini ni mzima. Barua hii ninamkabidhi jirani anayesafiri na treni, kwa sababu posta ya hapa imebaki mlango tu. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Katika barua iliyopita niliandika kwamba Baba amepimwa na hali si mbaya. Nilikudanganya. Uvimbe ule wa shingoni ni kansa. Baba yu hai, yuko chumba cha pili amelala. Nayasema hayo mapema ili usiogope kusoma yanayofuata.

Unajua alikuja kwangu kwa sababu mimi ni karani wa hospitali. Siku ya majibu daktari alizungumza Kifaransa, nami nikatafsiri. Alieleza polepole: ugonjwa umeshika, dawa yake haipatikani kwetu kwa sasa, atamwandikia karatasi ya kwenda Lubumbashi, na dawa ya kutuliza maumivu itatafutwa. Yalikuwa mengi. Baba akanitazama. "Anasema nini?"

Nikamjibu, "Ni kansa, Baba. Dawa hakuna."

Mama, maneno hayo mawili tunayasema kutwa nzima kwenye dirisha la farmasi, tangu kazi za mgodi zilipoanguka na rafu kubaki tupu. Kwetu maana yake ni: rudi wiki ijayo. Sikufikiri kwamba mtu aliyetajiwa kansa sasa hivi atayasikia kwa maana nyingine. Baba alisimama, akamshukuru daktari, akavaa kofia yake. Nilimwona ametulia, nikafurahi kwamba sitaulizwa zaidi. Furaha ile ndiyo inayoniumiza mpaka leo.

Wiki ile alikataa hata supu ya samaki wa ziwa Tshangalele. Jumatano alimpa Mama Chanda, jirani yetu mshonaji, mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ule ambao hata wewe hukuruhusiwa kukatia uzi. Mama Chanda alinifuata ofisini mpaka mezani.

"Weye mutoto ya bureau, baba yako amenipa mukasi yake. Bure!"

"Ni roho ya muzuri, Mama."

"Muzuri nini? Fundi hawezi kupana mukasi yake! Unasoma makaratasi yote ya batu, baba yako unashindwa kumusoma?"

Nikaona haya, lakini sikumuuliza Baba kitu. Niliogopa kwamba nikitaja kifo nitamtia wazo. Ijumaa akatoka bila kuaga. Mama Chanda alimwona, akamfuata mpaka kwenye nyumba mojawapo kati ya zile zilizoachwa na wenyewe, nyuma ya barabara yetu. Baba alikuwa amejifungia humo, amekusudia kujiua. Yule mama akakaa chini nje ya mlango. Alimbembeleza, akamtukana, akamwombea, akamsimulia habari za wateja wake wasumbufu, mpaka Baba akafungua.

Nilipomweleza daktari, hakunigombeza. Aliniambia wapo wagonjwa ambao, wakisikia tu jina la ugonjwa huu, hutamani kuimaliza safari wenyewe, hasa siku za mwanzo. Tusimwache peke yake, akasema, na kumuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo. Nikarudi nyumbani, nikamtafsiria Baba upya, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya nini haukusema vile siku ile?"

"Niliogopa, Baba."

"Miye ndio mugonjwa, weye ndio unaogopa!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, Mama, nami sikujua niweke wapi mikono yangu.

Sasa tunapokezana kukaa naye, mimi na Mama Chanda. Karatasi ya Lubumbashi imeandikwa, tunangoja gari. Lakini njoo, Mama, kwa treni ya kwanza itakayopita. Anakutaja kila siku. Nawe watu wakianza kusema kwamba amerogwa, wanyamazishe. Kosa lina mwenyewe, na ni mimi. Nakuomba msamaha.

Nisalimie mjomba Kasongo aliyenifundisha kusoma, shangazi anayeuza chumvi sokoni, na shemeji wa reli. Clémence umwambie taratibu, kwa hali yake.

Siku hizi namuuliza Baba kila asubuhi, kama daktari alivyoniagiza. Ulimi bado ni mzito. Leo nilisema, "Baba, ile wazo iko?" Akafikiri kidogo, akiwa anafunga vifungo vya shati.

"Iko," akanijibu. "Lakini leo iko kadogo. Uliza tena kesho."

Mimi mwanao anayekungoja,
Norbert