Maziwa ya Mama Débora

Bulengera, 3 Machi 2024

Yaya Tamar,

Sagesse wangu ametoka sasa hivi kutia kiatu cha baba yake mu sufuria ya mboga ya sombe, akakifunika vizuri. Mutoto huyu anapenda kazi ya kupima, atakuwa sawa na weye. Habari ya Beni? Na kifua chako? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe.

Ile chupa yako ya laboratoire nimeijaza maziwa ya mama mukwe wangu, Mama Débora, ile anauzisha ku soko. Sikutaka upate haya mbele ya professeur. Donc maziwa nimeichemsha mara mbili, nikaichuja na kitambaa changu cha Jumapili.

Mudogo wako,
Kanyere

Beni, 6 Machi

Mudogo wangu Kanyere,

Wote wazima? Kifua kimepona, roho ndiyo inauma. Professeur Ananie alipima maziwa yako, akaniuliza: «Mademoiselle, hii ni maziwa ao ni maji ya baraka?» Mikrobe hata kamoja! Mais kazi yangu ni kutafuta mikrobe zenye batu banakunywa ku soko. Nisipozionyesha mbele ya mwisho wa mwezi, nafasi yangu ya laboratoire banaipatia mwanafunzi mwenzangu Henri. Tuma maziwa mabichi, vile inatoka mu bidon. Usisafishe kitu. Kama unanipenda, kuwa muchafu!

Yaya wako,
Tamar

Bulengera, 24 Machi

Yaya wangu,

Salamu nyingi, tuko wazima, mais nimechelewa juu ya balaa. Mama mukwe alisikia ile ya «hata kamoja», akaipigia kelele soko nzima: «Beni yenyewe imeona! Maziwa yangu haina mikrobe!» Batu bakajipanga. Sasa anaogopa kuitwa muongo, kila asubui anachemsha bidon yote. Joyeuse, jirani yake wa soko, naye anachemsha juu ya wivu. Maziwa mabichi imepotea Bulengera!

Leo, mbele moto uwake, nimeiba chupa moja, nikaificha chini ya kitanda. Henri hatakalia kiti chako. Niliona nyasi ndani, mukono ukaniwasha, mais sikuichuja. Motard iko njiani na pikipiki yake kuikamata, akuletee.

Ngoja, mama mukwe anaita ku jikoni: «Mama Sagesse! Kuja uone akili ya mutoto wako! Amenitolea chupa chini ya kitanda, eti nayo iende ku moto!» Yaya, makaa bado haijashika vizuri, acha nikimbie nikaiokoe chupa yako mbele ichemke!