Chumvi ya Shangazi na Sampuli Niliyoificha

Jumapili alasiri, Uriri. Mvua ya asubuhi imekatika, sasa kuna jua la uvivu, na nguo za wanafunzi zimejaa kwenye seng'enge. Nimetulia, ila ni utulivu wa mtu aliyekwisha kamatwa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa kemia, na kwa miaka mitatu likizo zangu zote zimeishia kwenye maabara ya chuo kikuu nikisomea shahada ya uzamili. Natengeneza utando kutokana na magugumaji, yale yanayowafungia wavuvi wa Homa Bay njia. Ndoto yangu ni utando huo uchukue nafasi ya mifuko ya plastiki. Tasnifu iko kwa msimamizi wangu tayari, naitetea Alhamisi.

Siri yake si kubwa. Polima ni minyororo mirefu ya molekuli, na ikiachwa hivi hivi huteleza mmoja juu ya mwingine. Mimi niliipachika vikundi vya atomi vyenye chaji hasi, kisha nikaleta ioni za kalsiamu. Ioni moja ya kalsiamu ina chaji chanya mbili, kwa hiyo hushika minyororo miwili kwa mpigo, kama pini inavyoshika ncha mbili za leso. Utando unakuwa mgumu kuchanika, na unataka joto zaidi kabla haujalegea. Ukizidisha vikundi hivyo, unakatika kama biskuti. Nilihangaika mwaka mzima kutafuta kiasi cha katikati.

Jumatatu nilimpelekea Shangazi Akinyi mifuko kumi. Anauza samaki sokoni Homa Bay: omena, yaani dagaa wa ziwa, na obambla, wale samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Wiki nzima mifuko ilifanya kazi. Ilikaa chini ya bati la kibanda, jua la saa saba likiwaka, na haikulegea. Samaki walitiwa asubuhi, jioni wameuzwa. Nilijiona profesa!

Lakini Shangazi ni Msabato. Ijumaa jua likikaribia kutua hufunga kibanda, na hakuna cha kumfanya akifungue kabla ya Jumapili. Ijumaa hii alifunga kibanda samaki wakiwa bado ndani ya mifuko yangu, mvua ikinyesha, hewa ya ziwa imejaa unyevu. Leo alfajiri nilikwenda kumsalimu, tukafungua pamoja.

Ya omena ilikuwa mizima. Ya obambla ilikuwa uteute, imegandamana na magamba.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "omena iko sawa. Ni hii ya chumvi ndio imekula mfuko yako. Kwani huko university hamkujaribu na chumvi?"

Akacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kulazimisha.

Kwa sababu tulijaribu.

Mwaka jana niliziloweka sampuli nne katika maji ya chumvi. Tatu nilizitoa baada ya saa moja, ziko imara. Ya nne niliisahau humo tangu Ijumaa hadi Jumatatu, nikaikuta imelegea. Nilijua sababu pale pale: sodiamu ya chumvi huisukuma kalsiamu na kukaa mahali pake, nayo ina chaji moja tu, haiwezi kushika minyororo miwili. Pini zinatoka. Lakini grafu ilikuwa nzuri sana bila hiyo sampuli. Nikaandika kwamba iliharibika wakati wa maandalizi, na sura ya mwisho nikatamka kwamba utando unafaa kufungia samaki wa ziwa.

Naona aibu hata kuyaandika haya.

Nikisema, narudia majaribio, na mahafali ya mwaka huu yananipita. Mama ameshatangazia jumuiya yake yote kanisani. Nikinyamaza, jopo la Alhamisi halitajua, maana hakuna hata mmoja wao anayekausha samaki. Shangazi hatawahi kuisoma tasnifu yangu. Yeye ameniamini tu, na ameshawaahidi wanawake wenzake pale sokoni mifuko kama yake. Hao ndio watakaoifungua na kukuta hasara.

Njia nzima ya kurudi nilijitetea kichwani, na niliongea vizuri kweli kweli. Nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta, nikamwandikia msimamizi kwamba sampuli ya nne haikuharibika, kwamba niliificha, na kwamba naomba Alhamisi iahirishwe. Nikatuma saa kumi kamili, kabla sijaanza kujihurumia upya.

Bado hajajibu. Nimejipikia chai na nimeinywa yote, jambo ambalo sikulitarajia.

Ila kuna swali linanikera. Kama Shangazi angefungua kibanda jana na kuuza samaki wake wote, je, ningeiandika barua ile kwa msimamizi?

Sidhani.